Mwandiko wa Mwalimu wa Kemia

Karani wa shule ile alikuwa amechapa mitihani yake kwa miaka kumi na saba, na walimu walimwita Mama Chapa. Mwalimu aliandika maswali yake kwa mkono kwenye karatasi za mistari, akamletea, naye akayachapa. Kwa hiyo aliijua miandiko yao kama mzazi anavyojua vikohozi vya wanawe. Mwalimu wa historia alizibana herufi zake kama abiria. Mwalimu wa hisabati hakuwahi kuifunga herufi a, ikawa inasomeka u, na kila muhula Mama Chapa alimtania kwamba siku moja atamchapia "kutu" mahali alipotaka "kata". Mwalimu wa kemia aliandika kwa mkono wa kushoto, na maneno yake yote yalilalia nyuma kama watu wanaovuta kamba.

Huyo wa kemia wanafunzi walimwita Moli, kwa jina la kile kipimo cha kemia. Kila alichoulizwa, hata kama ni nani aliyevunja kioo cha dirisha, alianza kwa kusema, "Kwanza tutafute moli." Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye koti jeupe lililotobolewa na tindikali mfukoni. Mke wake alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa mchana, ilibidi apelekwe hospitali ya mjini kusafishwa damu, na mkuu wa shule wa zamani, mama mmoja mnene aliyekuwa akisahau miwani yake kila mahali, alikuwa amempangia Moli ratiba isiyo na vipindi mchana wa siku hizo mbili. Hakuna aliyenung'unika. Mkuu yule hakuwa malaika. Ratiba zake zilichelewa na hasira zake zilikuwa za karibu. Lakini kila asubuhi aliingia ofisi ya walimu, akajimiminia chai kutoka birika moja na wao, akauliza habari za nyumbani akasubiri jibu.

Alipostaafu akaja mkuu mpya, na barua ya idara ya elimu ikaja pamoja naye. Mama Chapa aliisoma kwa sababu ndiye aliyeifungua na kuigonga muhuri wa kupokelewa. Ilimpa mkuu mpya miaka miwili apandishe matokeo, na haikusema ikishindikana itakuwaje, ila ilieleweka.

Mkuu mpya hakuwa mtu wa kelele. Alivaa filimbi shingoni, na saa moja kamili asubuhi aliipuliza getini. Mwalimu aliyefika baada ya hapo jina lake liliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nje ya mlango wa ofisi ya walimu, pale ambapo wanafunzi walipita. Haikuchukua wiki mbili wakampa jina la Filimbi. Birika la chai likaondolewa, kwa kuwa chai inakula muda wa vipindi. Kisha zikaanza barua za kujieleza. Mwalimu aliyechelewa kurudisha madaftari alipewa barua ya kujieleza. Aliyekutwa amekaa darasani wakati wanafunzi wakifanya zoezi alipewa barua ya kujieleza. Mwaka wa kwanza Mama Chapa alichapa barua sitini na mbili. Zamani walimu walikuwa wakipita kwake kupiga soga na kuazima stepla. Sasa wakiuona mlango wake uko wazi walipita upande wa pili wa varanda, maana kilichotoka mle ndani hakikuwa cha heri.

Kisha Filimbi akaamuru viti vya wasimamizi viondolewe kwenye vyumba vya mtihani. Shule aliyotoka, msimamizi mmoja aliwahi kusinzia na karatasi zikaibwa, na lawama ikamwangukia yeye. Hakutaka jambo hilo litokee tena. Msimamizi atasimama, atatembea, hadi kengele ya mwisho.

Mwalimu wa biolojia alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, ndiyo ajira yake ya kwanza, bado yuko kwenye mwaka wa majaribio. Ujauzito wake ulikuwa wa miezi sita. Siku ya kwanza ya mitihani alikwenda kwa mkuu kuomba kiti. Mama Chapa aliwasikia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Kanuni ni ya wote, mwalimu," Filimbi alisema kwa upole. "Nikikupa wewe leo, kesho atakuja wa mgongo, keshokutwa wa miguu."

"Saa tatu mfululizo, mkuu. Naomba hata stuli."

"Jikaze. Ni siku tano tu."

Siku ya pili, mtihani ukiwa katikati, alianguka baina ya madawati. Wanafunzi walipiga kelele. Moli, aliyekuwa akisimamia chumba cha jirani, alitoka mbio, akasaidiana na mtunza bustani kumbeba hadi kwenye gari. Mtoto hakupona. Mwalimu wa biolojia alirudi kazini baada ya wiki tatu, amekonda, akakaa kwenye meza yake ya zamani, na wenzake wakamsalimia kama mtu aliyerudi kutoka semina. Hakuna aliyetaja lile jambo. Moli alipata barua ya kujieleza kwa kosa la kuacha chumba cha mtihani bila msimamizi. Mama Chapa ndiye aliyeichapa. Alikosea jina la mwezi mara tatu, yeye ambaye walimu walisema hakosei hata akisinzia.

Mwezi uliofuata alifika mtafiti kutoka chuo kikuu, dada mwenye begi la mgongoni na viatu vya vumbi. Alikuwa anazunguka shule za sekondari kuuliza watumishi wameridhika kiasi gani na kazi yao, na uongozi una mchango gani katika hilo. Alileta madodoso thelathini na mawili, moja kwa kila mwalimu. Yalikuwa na visanduku vya kuweka alama, na mwisho kabisa swali moja la kujieleza: ni nini kinakufanya utake kubaki katika kazi hii, au kuondoka? Hakuna kuandika jina. Fomu zitumbukizwe kwenye boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi, lenye tundu juu, lililowekwa ofisini kwa karani. Angerudi kulichukua Ijumaa.

"Mko huru kabisa kusema lolote," Filimbi aliwaambia walimu kikaoni. "Ila mkumbuke shule hii ina jina."

Walimu walijaza haraka, wengi wakiwa wamesimama. Mwalimu wa hisabati alipokuja kutumbukiza yake alimuuliza Mama Chapa kwa sauti ya chini, "Hivi hapakuwa na kisanduku cha 'nimeridhika mpaka kooni'?" Wakacheka kidogo. Ndicho kicheko pekee ambacho chumba kile kilikuwa kimesikia kwa muda mrefu.

Alhamisi mchana Filimbi aliingia ofisini kwa karani, akafunga mlango nyuma yake, akakata utepe wa boksi kwa wembe.

"Hizo zimefungwa, mkuu," Mama Chapa alisema.

"Nataka niujue ugonjwa kabla ya daktari."

Akazisoma moja moja amesimama. Thelathini na moja zilikuwa na alama kwenye safu ile ile, nimeridhika, nimeridhika sana, na swali la mwisho likajibiwa kwa mstari mmoja au likaachwa wazi. Ya thelathini na mbili ilikuwa imejazwa hadi mgongoni. Filimbi aliisoma taratibu, akaisoma tena, halafu akaiweka mezani mbele ya Mama Chapa.

Kabla hajamaliza mstari wa kwanza alikuwa ameshamtambua. Maneno yote yalilalia nyuma.

"Huu ni mwaka wangu wa ishirini na sita wa kufundisha," fomu ilisema. "Zamani nilikuwa nafika shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi nipange chupa na mirija yangu maabara ikiwa kimya. Hakuna aliyenituma. Siku hizi pia nafika saa kumi na mbili na nusu, lakini nakuja kwa kuogopa geti. Saa ni ile ile na mtu ni yule yule, ila kazi si ile tena. Mwenzetu mjamzito aliomba kiti. Hakuomba likizo, aliomba kiti. Alinyimwa, akaanguka, akapoteza mtoto, na hatukumpa pole kwa sauti, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia nani anamwangalia. Mkuu wetu si mtu mbaya. Anawaogopa walio juu yake, na hofu hiyo anatugawia sisi, nasi tunaipeleka madarasani. Mnauliza kama nitabaki au nitaondoka. Mimi nilishaondoka. Anayesaini kitabu cha mahudhurio ni mwili."

"Wewe unaijua miandiko ya watu wote hapa," Filimbi alisema.

"Nachapa mwaka mzima, mkuu. Inanichanganyikia."

"Usiharakishe kujibu." Alitoa kidonge mfukoni, akakitafuna bila maji; alikuwa na vidonda vya tumbo, shule nzima ilijua. "Mikataba ya watumishi wasio walimu naisaini wiki ijayo. Wa kwako uko juu ya wenzake." Hakusema kama mtu anayetisha. Alisema kama mtu anayeeleza ratiba. "Karatasi hii ikifika idarani, mimi sina kazi. Nina watoto wanne. Usidhani mimi nalala."

Mkataba wa Mama Chapa ulikuwa ndio nyumba yake. Aliishi na mama yake kwenye nyumba za watumishi nyuma ya uwanja wa michezo, vyumba viwili na varanda. Mama yake alipofuka miaka sita iliyopita, na nyumba ile aliijua kwa viganja: kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi bafuni, wapi sakafu imepasuka, wapi pana msumari. Kwingine kokote alikuwa mtu wa kushikwa mkono.

"Mbona leo unaweka sufuria kama unaigombeza?" mama yake alimuuliza jioni ile.

Akamweleza yote. Mama yake alisikiliza amegeuza sikio.

"Huyo mwalimu si ndiye aliyekuja kunieleza zile dawa za macho, ipi ya asubuhi na ipi ya jioni?"

"Ndiye."

"Basi unajua la kumwambia bosi wako."

"Najua, mama. Na tukitolewa hapa?"

"Macho yamekwenda na bado nipo. Nyumba nitaizoea." Alikuwa anasema hivyo huku kiganja chake kikipapasa ukuta, juu na chini, kama anayebembeleza mtoto.

Asubuhi Mama Chapa alipiga moyo konde. Njia nzima ya kukatiza uwanja alirudia jibu lake: siujui mwandiko huu, mkuu, hata uninyonge. Lakini Filimbi hakumuuliza.

"Nimeshampata," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni yule binti wa biolojia. Nani mwingine angeandika habari za kiti? Hiyo miaka ishirini na sita ameiweka kutuzuga, ni umri wake huo. Yuko kwenye majaribio bado, kwa hiyo haitanisumbua. Chapa barua kwamba hatathibitishwa kazini. Mwisho wake ni mwisho wa mwezi."

Mama Chapa alikaa mbele ya kompyuta. Vidole vilikataa.

"Si yeye, mkuu."

"Jana ulisema inakuchanganyikia."

Mama Chapa aliirudisha mikono mapajani.

"Kama si yeye, ni nani? Kama huna jina jingine, chapa."

Mambo mengi yalimpita kichwani kwa muda mfupi. Alimwona yule msichana, mikono yake iliyobaki mifupa, amekaa peke yake kwenye chumba cha kupanga. Akamwona Moli pia: miaka ishirini na sita kazini, amethibitishwa, anaheshimika mjini, ana chama cha walimu. Moli ana mgongo wa kubeba, alijiambia. Watamkaripia, watampa barua, yatapita.

"Ni mwalimu wa kemia," alisema.

Filimbi alirudi nyuma kwenye kiti. Alionekana kama mtu aliyeumizwa. "Moli?" aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitumia jina hilo. Kisha akaichana ile fomu mara nne na kuitia mfukoni. Mama Chapa alitoka kwenda kuchukua karatasi stoo, na alipofika mlangoni ndipo alipomkumbuka mke wa Moli. Baadaye, katika miezi iliyofuata, alijiuliza mara nyingi kama kweli alikuwa amemsahau, au alikuwa amechagua kumkumbuka akiwa ameshachelewa.

Mtafiti alikuja saa nne, akalifungua boksi na kuhesabu.

"Nilileta thelathini na mbili. Hapa ni thelathini na moja."

"Mmoja hakurudisha," Filimbi alisema.

Dada yule alipitisha kidole kwenye utepe. Ulikuwa mpya, unang'aa. Akamtazama Mama Chapa, akasubiri.

"Watu wana kazi nyingi," Mama Chapa alisema.

Adhabu ya Moli haikuja kwa kishindo. Kwanza ratiba ilibadilishwa, akapangiwa vipindi Jumanne na Ijumaa mchana. Mke wake akawa anapelekwa hospitali na dada yake. Kisha akanyang'anywa funguo za maabara, eti kemikali zihifadhiwe ofisini kwa mkuu, na kila alipotaka chupa ya chumvi ilibidi ajaze fomu siku mbili kabla. Mwisho ukaja uhamisho. Filimbi aliupendekeza, Mama Chapa akauchapa, idara ikaukubali ndani ya wiki tatu: mwalimu anahamishwa kwa mahitaji ya kazi. Shule aliyopelekwa ilikuwa mwendo wa usiku mzima kwa basi, kwenye mji mdogo wenye zahanati moja. Mashine ya figo hapakuwa nayo. Chama cha walimu kiliandika barua ya kulalamika, idara ikajibu kwamba imelipokea lalamiko.

Siku ya mwisho Moli alikuja kusaini fomu ya makabidhiano. Koti lake jeupe alikuwa amelikunja chini ya kwapa. Mama Chapa alikuwa amejiandaa kwa siku nne.

"Kaka, mimi ndiye niliyesema."

"Najua, dada."

"Alitaka kumfukuza yule mtoto wa biolojia. Nikaona wewe..."

Moli alisaini, polepole, mkono wake wa kushoto ukikingama mbele ya maneno kama kawaida yake. "Nilipokuwa naandika," alisema, "nilijua kuna mtu mmoja tu shuleni anayeweza kunitambua. Nilifikiri niandike kwa mkono wa kulia, hata nikajaribu. Nikaona aibu. Mtu mzima kujificha kwenye fomu ambayo hata jina haiombi." Akamrudishia kalamu. "Nikajiambia, huyo mmoja atakaa kimya."

Hakusema kwa uchungu. Alimuaga, akamtumia salamu mama yake, akaondoka.

Moli alikwenda peke yake. Mke alibaki mjini kwa dada yake, karibu na hospitali. Kila baada ya wiki mbili alisafiri Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Wiki ya saba mashine ya hospitali iliharibika kwa siku nne. Wagonjwa wengine walipelekwa na jamaa zao mji mwingine. Dada mtu hakujua aanzie wapi, kwa kuwa mambo ya hospitali yote alikuwa akiyajua Moli. Alipopata simu na kuomba ruhusa, na ruhusa ikapatikana, na akasafiri, mke wake alikuwa ameshafariki tangu jana yake.

Walimu walikwenda msibani kwa zamu, wasiache vipindi. Mama Chapa alikwenda zamu ya mwisho. Moli alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, ndevu zimeota nyeupe. Alimshika mkono na kusema, "Asante kwa kuja, dada." Mama Chapa alikuwa amejiandaa kutukanwa. Asante ile alirudi nayo nyumbani, ikakaa naye.

Wiki ile ile aliandika barua kwa bodi ya shule. Aliandika jinsi boksi lilivyofunguliwa, fomu ilisema nini, nani aliichana, nani alitaja jina. Aliandika habari ya kiti. Akaweka jina lake kamili na saini, akaipeleka mwenyewe nyumbani kwa mwenyekiti wa bodi.

"Umefikiri?" mama yake alimuuliza.

"Ningefikiri ningeacha."

Bodi ilikaa maktabani, watu watano nyuma ya meza mbili zilizounganishwa. Mama Chapa alieleza, akaanza na kosa lake. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole, alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo fomu iko wapi?"

"Ilichanwa."

"Na wewe wakati inachanwa?"

"Nilikuwa nimekaa pale pale."

Filimbi alisema fomu moja haikurudishwa, na kwamba karani amekuwa na kinyongo tangu birika la chai liondolewe. Kisha akaitwa mwalimu wa biolojia. Alisimama mbele ya rafu za vitabu, mikono nyuma.

"Ni kweli uliomba kiti, ukanyimwa?"

Alikuwa amebakiza miezi miwili athibitishwe kazini.

"Nilianguka kwa sababu sikunywa chai asubuhi," alisema.

Mama Chapa hakumkasirikia. Alimtazama akitoka, akafikiri kwamba na yeye angesema hivyo hivyo, na kwamba kwa kweli alishasema.

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi. Mkuu wa shule alishauriwa kwa mdomo aimarishe mahusiano na watumishi. Viti vilirudishwa kwenye vyumba vya mtihani, hakuna aliyetangaza kwa nini. Mkataba wa karani ulisitishwa, kwa kosa la kuvujisha siri za ofisi. Alichapa barua hiyo pia, kwa sababu karani mpya alikuwa hajafika.

Siku Mama Chapa anaondoka, Filimbi alimkuta akipanga mafaili. Alisimama mlangoni, filimbi shingoni.

"Ungekuja kuongea na mimi kwanza," alisema.

"Ningekuambia nini, mkuu?"

Alifikiri, na ilionekana alifikiri kwa dhati. Kisha akaondoka. Mwaka uliofuata matokeo yalipanda kidogo, akahamishiwa shule kubwa zaidi. Kemia haikufundishwa kwa mihula miwili. Walimu watano waliomba uhamisho kwa mpigo.

Mama Chapa alipata chumba kimoja mjini, na kazi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na soko. Wiki za kwanza mama yake alijigonga sana. Moli alibaki kule kule alikopelekwa. Mara moja alituma ujumbe wa simu kuuliza hali ya macho ya mama, naye akajibu kwamba ni hivyo hivyo, na hawakuandikiana tena.

Siku moja, kabla ya muhula kufunguliwa, mwalimu wa biolojia aliingia kibandani. Walitazamana. Alikuwa amethibitishwa kazini tangu zamani, na amenenepa kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuchapie nini?"

"Barua ya kuacha kazi."

Mama Chapa alifungua ukurasa, akaandika tarehe, anwani, kichwa cha habari. Nyuma yao walikuwa wamesimama watu wanne na vyeti vyao mkononi.

"Sababu?" aliuliza.

"Andika za kifamilia."

Mama Chapa aliondoa vidole kwenye vitufe. "Ndizo?"

"Sizo."

"Niandike zipi?"

Msichana aliutazama ule ukurasa mweupe kwa muda mrefu. Mtu wa nyuma akakohoa, mwingine akauliza kama mashine imekwama.

"Andika hizo hizo za kifamilia," alisema.

Akaandika.